Bushi Sita za Nyuma

Kwa miaka thelathini na mmoja watu wa karakana ya barabara walimwita Bi Stoo, na alipostaafu jina likamfuata mpaka nyumbani. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya dirisha lenye nondo na kutoa vipuri. Fundi analeta karatasi, yeye anaisoma kuanzia juu mpaka chini, anapotelea kwenye rafu, anarudi na kitu chenyewe, wala hakosei. Ukimtajia gari na mwaka wake, anakutajia bushi yake, nati yake na saizi ya spana. Lakini kufunga kipuri chochote kwenye gari lolote, hata balbu ya taa, hakuwahi. Hakuna aliyemkataza kwa maandishi. Walimcheka tu, na kicheko kikirudiwa miaka thelathini kinafanya kazi kuliko amri.

Bingwa wa kumcheka alikuwa fundi mkuu, aliyeitwa Fundi Nyundo kwa sababu kila tatizo alilitafutia nyundo kwanza, akili baadaye. "Bi Stoo, wewe toa. Kufunga tuachie wenye misuli." Aliyasema hayo wiki kwa wiki mpaka yakawa ndiyo salamu yake. Bi Stoo alimsukumia boksi, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Msidhani alisahau. Mwanamke aliyekumbuka mahali pa kila nati kwenye rafu mia mbili, atasahauje neno?

Kitu kimoja kilikuwa kwenye damu yake: kazi moja imalizike kabisa, ndipo ya pili ianze. Hakufungua boksi la pili kabla la kwanza halijahesabiwa, kuandikwa na kurudishwa mahali pake. Mafundi walipanga foleni wakasonya, yeye hata macho hakuinua. Alifua hivyo, akapika hivyo, na ukimsimulia habari mbili kwa mpigo alikukatiza: "Hiyo ya kwanza imeishia wapi?"

Aliishi na dada yake mkubwa, mjane, katika nyumba ya vyumba vitatu mwisho wa barabara ya mawe, kilomita kumi na mbili kutoka mjini. Dada alimzidi miaka tisa. Mama yao alifariki Bi Stoo akiwa na miaka sita, kwa hiyo aliyemchana nywele, aliyemfundisha kusoma, na aliyemchapa siku alipochoma godoro, ni Dada. Sasa mmoja alikuwa na miaka sitini na mmoja, mwingine sabini, na bado mkubwa alimuuliza mdogo kila asubuhi kama amenawa uso.

Walikuwa na gari moja, la kazi, la zamani, lile la kupanda milima na kuvuka mito, refu nyuma, milango yake haifungi mpaka uibamize kwa hasira. Bi Stoo alilipata karakana ilipoondoa magari chakavu. Injini ilikuwa haina neno. Balaa lilikuwa nyuma. Springi za ekseli ya nyuma, vile vyuma bapa virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, zilikuwa zimelala chali, na bushi zake, yaani vile vipira vyenye bomba la chuma katikati vinavyokaa kwenye masikio ya springi na ya fremu, zilikuwa zimebaki unga. Ukipita juu ya jiwe la ukubwa wa ngumi, aliyekaa nyuma anagonga kichwa kwenye bati.

Vipuri alikuwa navyo. Mwaka mzima vilikaa nyuma ya mlango wa chumba chake: springi mbili mpya, bushi sita, vyuma vinne vilivyopinda vya kubania springi kwenye ekseli, na shokamzoba mbili za kupunguza mtikisiko. Kila mwezi alivifuta vumbi. Alisema anasubiri kupata fundi wa kuaminika. Dada alisema mdogo wake anavisubiri vitage mayai.

Halafu Dada akateleza bafuni, akavunjika nyonga.

Walimpasua, wakamtia chuma, na baada ya wiki tatu, siku ya Jumatatu, daktari akasema Jumamosi anaweza kuondoka. Muuguzi aliwaeleza jinsi ya kumwinua: mkono mmoja hapa, mwingine kule, kumgeuza usiku, kumketisha asubuhi, miezi mitatu bila mchezo. Bi Stoo aliitikia kila neno. Kaka yao mkubwa kuliko wote, mwalimu mkuu mstaafu ambaye mpaka leo huongea na watu kama wamechelewa kipindi, alisikiliza mikono ikiwa nyuma, kisha akatoa hukumu.

"Atakuja kwangu. Nina chumba pale karibu na ngazi."

"Kwako?" Bi Stoo alishtuka. "Ana kwake, kaka. Kitanda chake kipo, kuku wake wapo."

"Na barabara yenu je? Mfupa umeshikwa na misumari, wewe unataka kumpitisha kwenye mawe kwa gari hiyo? Hata ng'ombe hawezi kusafirishwa na gari hiyo."

"Nitaitengeneza."

"Wewe?" Kaka alimtazama toka kichwani mpaka viatuni, na safari haikuwa ndefu, maana Bi Stoo ni mfupi na mwembamba. "Haya. Ijumaa nitalala humo nyuma mimi mwenyewe. Nikifika bila kuumia, mchukue. Nikiumia, anabaki kwangu, na tusisikie tena maneno."

Bi Stoo alimgeukia Dada kitandani. "Dada, sema basi. Unataka kwenda wapi?"

Dada alikuwa ameangalia ukutani. "Mwamuzi ni kaka," alisema.

Hilo lilimuuma Bi Stoo kuliko yote, kwa sababu Dada hakuwahi kumpa mtu uamuzi wake tangu azaliwe. Alikiona kile chumba cha karibu na ngazi. Alijua mtu wa miaka sabini akiingia humo kwa miezi mitatu hatoki tena. Miezi itaongezwa, kuku watagawiwa, na nyumba ya vyumba vitatu itabaki na mtu mmoja na redio. Alikuwa akiogopa, na hofu yake ilikuwa na sura hasa: ni kuamka asubuhi asiulizwe kama amenawa uso. Akapiga moyo konde, akaondoka hospitali bila kuaga.

Mchana huohuo aliliingiza gari kwenye uwanja wa saruji nyuma ya nyumba. Alivaa ovaroli la marehemu shemeji yake, akakunja miguu ya suruali mara nne. Hakwenda kumwita Fundi Nyundo, ingawa alikuwa akikaa nyumba ya tatu kutoka hapo, naye amestaafu, bega moja limekufa ganzi kwa ile kazi ya nyundo. Afadhali alale chini ya gari mpaka Krismasi kuliko kumpa mtu yule nafasi ya kusema ile salamu yake.

Alilegeza nati za magurudumu, akapiga jeki, akaweka stendi za chuma chini ya fremu, akalitikisa gari kwa mikono miwili na kwa nyonga kuona kama limetulia. Likatulia. Kisha akaingia chini na taa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakutana uso kwa uso na vitu alivyokuwa akivitoa dirishani. Alivijua vyote kwa majina na namba. Alichokuwa hakijui ni kwamba kutu ina kiburi.

Nati ya kwanza ilikataa saa mbili nzima. Aliipaka mafuta ya taa, akasubiri, akaipiga, akaongeza bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu, akaning'inia humo kwa uzito wake wote, ambao, kama tulivyokwisha kuona, haukuwa wa kutisha mtu. Ilipoachia, aliangukia kisogo na kuona nyota mchana. Alilala pale akicheka peke yake.

Jumanne alitoa springi ya kushoto. Ilikuwa nzito kama mtoto wa darasa la tatu aliyegoma kutembea, na aliivuta kwa kuikokota juu ya gunia. Bushi za zamani zilikuwa zimeoza, lakini ile ya kwenye sikio la fremu bomba lake la chuma lilikuwa limeganda, ikabidi alikate kwa msumeno, taratibu, asije akalikwaruza sikio lenyewe. Kuingiza mpya ndiko kulikomfurahisha. Watu wa karakana walizitwanga kwa nyundo mpaka raba inachanika pembeni. Yeye alichukua bolti ndefu, kipande cha bomba na vyuma viwili vya duara, akaipaka bushi maji ya sabuni, akawa anakaza nati kidogo kidogo. Bushi ikaingia yenyewe bila ugomvi. "Umeona?" aliliambia gari.

Mikono ilimvimba. Jumatano mgongo ulimkatalia kitandani, akauambia usimletee mambo, akaamka. Akatoa springi ya kulia, akainua ile mpya kwa jeki na matofali, hatua moja, tofali moja, hatua nyingine, mpaka kile kichwa cha bolti ya katikati kikaingia kwenye tundu lake juu ya ekseli kwa mlio mdogo mtamu. Akabana vyuma vinne. Akafunga shokamzoba. Na kila bolti ya bushi aliyoipachika aliikaza papo hapo, kwa nguvu zote, mpaka mwisho, akaiwekea alama ya chaki, ndipo akaenda kwenye nyingine. Kazi moja imalizike, ya pili ianze. Alhamisi asubuhi hapakuwa na nati hata moja isiyo na chaki.

Akarudisha magurudumu, akalishusha gari, akaenda mjini siku moja kabla ya miadi kumchukua Kaka. Hakuwa na subira ya kungoja Ijumaa.

Kaka alipanda nyuma, akalala kwenye godoro, kofia kifuani, miguu imenyooka, utadhani anakwenda kuzikwa. "Twende," alisema. Kwenye lami gari likaenda vizuri. Walipogusa mawe, Bi Stoo akaanza kusikia. Kwanza mlio wa raba, kama kiatu kipya. Kisha mdundo. Gari lilikuwa limesimama juu juu, gumu, linakataa kuzama. Kila jiwe lilipigwa na kurudishwa. Nyuma kofia iliruka, halafu Kaka mwenyewe.

"Simamisha!"

Alisimamisha. Kaka aliteremka amejishika kiuno, akatafuta kofia yake, akaipangusa vumbi. Hakufoka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mdogo wangu, umejitahidi. Lakini hapana."

"Miadi ni kesho, kaka."

"Kesho itabadilika nini?"

"Miadi ni kesho."

Alimrudisha mjini kwa mwendo wa jongoo, akarudi nyumbani, akazima injini, akabaki ameshika usukani. Vipuri vilikuwa vyenyewe. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kimekazwa. Aliingia chini ya gari, akapapasa bushi moja moja, akaona raba zimejikunja upande mmoja na hazijamaliza hata wiki. Hakuelewa. Alilia kidogo hukohuko chini, mahali ambapo hata kuku hawakumwona, kisha akajifuta kwa mkono wa ovaroli na kujipaka grisi usoni. Akatoka, akaenda nyumba ya tatu.

Fundi Nyundo alikuwa kibarazani anamenya chungwa. Alimwona Bi Stoo na ovaroli lile, na uso ule mweusi kwa grisi, na kisu kikasimama.

"Kuna nini?"

"Nimefunga springi na bushi za nyuma," alisema Bi Stoo. "Mwenyewe. Gari inaruka kuliko mwanzo. Njoo uangalie, na kama una la kusema, liseme sasa tulimalize."

Fundi aliliweka chungwa chini. Alibeba kigoda chake kwa ule mkono mzima, akamfuata. Hakuinama wala hakuingia chini. Alisimama nyuma ya gari hatua kumi, akaliangalia kwa jicho moja.

"Mbona imesimama hivi, kama imeshtuliwa?"

"Ndiyo hivyo."

"Bolti za bushi ulizikaza saa ngapi?"

"Saa ngapi vipi? Nilipoziweka. Moja moja, mpaka mwisho."

"Ikiwa juu ya stendi? Ekseli inaning'inia?"

"Sasa ningezikazia wapi?"

Bi Stoo alijiandaa kwa kicheko. Hakikuja. Fundi alikaa kwenye kigoda, akaning'iniza mkono wake mzima pembeni. "Nishike mkono wa shati hapa. Kaza, usiachie." Bi Stoo akakamata kitambaa karibu na kiwiko. Fundi akainua mkono. Shati likavutika, likajipinda, mishono ikalalamika. "Unaona? Umelishika mkono ukiwa chini, mimi nakaa mkono ukiwa juu. Raba yako ni hilo shati. Bolti ikishakazwa, lile bomba la ndani haliendi popote, inayojipinda ni raba. Umeikaza gari ikiwa angani. Umeishusha, raba inataka kurudi angani. Ndiyo maana inakurusha. Mwezi mmoja zote zingechanika."

"Kwa hiyo?"

"Unaziweka zote, unazishika kwa vidole tu. Unaishusha gari kwenye magurudumu. Unaitikisa ijikalie inavyotaka. Ndipo unaingia chini, unakaza ikiwa imebeba uzito wake."

Bi Stoo alitazama chini ya gari. Maisha yake yote yalikuwa yamepinga jambo kama hilo: kuacha bolti sita zimelegea, zote kwa pamoja, hakuna iliyoisha, na kuendelea na kazi nyingine.

"Miaka thelathini umenicheka," alisema mwishowe. "Leo ndiyo umekosa kicheko?"

"Naiangalia ile bushi," Fundi alisema akiinama kidogo. "Hujaitwanga. Imeingia safi pande zote. Mimi sijawahi kuingiza bushi safi hivyo. Nikucheke nini?" Akajikuna shingo. "Nilikuwa mjinga, Bi Stoo. Na nilikuwa na wivu. Wewe hukuwahi kukosea, mimi nilikosea kila siku na karatasi zote ulikuwa nazo wewe."

Neno hilo lilimwingia, lakini hakuwa na muda wa kulikalia. Alichukua spana.

"Ngoja nikusaidie upande huu," Fundi alisema, akijaribu kuinuka na lile bega.

"Kaa, Fundi. Wewe sema. Kukaza niachie mimi."

Fundi Nyundo alicheka, safari hii kicheko cha mtu aliyepatikana, akakaa.

Ijumaa jua likichomoza alilipandisha tena gari, akafuta alama zote za chaki kwa kitambaa, akalegeza bolti sita. Raba zilijinyoosha taratibu, moja baada ya nyingine. Alizikagua: nzima, hakuna iliyochanika. Akashusha gari. Akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Akapanda kwenye bampa ya nyuma na kuruka, akashuka, akapanda, akaruka, kikongwe cha watu amevaa ovaroli la mwanamume, na majirani wakaitana kuja kuona. Hakuwajali hata chembe. Gari lilishuka, likapumua, likakaa chini kwa starehe.

Kazi ya chini sasa ilikuwa ngumu maradufu, maana gari likiwa kwenye magurudumu nafasi ni ya paka. Fundi mwenye misuli angekwama mbavuni. Bi Stoo alipita. Alilala kifudifudi, kisha ubavu, kisha chali, spana inapata robo ya mzunguko tu kila mara, robo, tena robo, jasho linaingia machoni. Kutoka kwenye kigoda sauti ilisema, "Bado. Tena. Bado. Hapo." Bolti sita zilimchukua mpaka saa saba. Alipotoka hakuweza kufungua vidole vya kulia. Fundi ndiye aliyeitoa spana mkononi mwake.

Saa tisa Kaka alilala tena kwenye godoro, kofia kifuani, uso wa mtu anayetimiza ahadi tu. Waliingia kwenye mawe. Gari lilizama na kuinuka, likazama na kuinuka, likiyumba kidogo kama linabembeleza. Bi Stoo aliendesha ametega sikio. Hakuna mdundo. Hakuna mlio. Aliendesha kilomita zote kumi na mbili bila kusikia neno kutoka nyuma, akafika nyumbani, akageuka.

Kaka alikuwa ameketi, kofia bado kifuani, anashangaa dari.

"Sasa nitamwambia nini?" alisema, kana kwamba anaongea peke yake.

"Nani?"

"Hakuna. Hongera." Akashuka haraka kuliko ilivyohitajika. "Mchukue dada yako. Neno langu ni neno."

Bi Stoo aliliona hilo kuwa la ajabu, lakini furaha haikumpa nafasi ya kuuliza.

Jumamosi walimlaza Dada nyuma, mito miwili chini ya mguu, shuka mpaka kidevuni. Bi Stoo ndiye aliyemwinua kutoka kwenye machela: mkono mmoja hapa, mwingine kule, alivyofundishwa. Muuguzi alisimama tayari kusaidia, hakupata la kusaidia. Dada alimtazama mdogo wake kwa karibu, kwa muda.

Lami ikaisha. Mawe yakaanza. Gari likazama, likainuka.

"Unaumia?" aliuliza Bi Stoo.

"Hapana." Dada alishika ukingo wa godoro. "Mdogo wangu, nina neno. Usigeuke, angalia njia. Ile habari ya gari, si kaka. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilimwambia kaka akukatalie. Kabla hujafika siku ile. Aseme barabara, aseme gari. Nilichagua gari kwa sababu nilijua huwezi kuitengeneza. Mwaka mzima vile vyuma viko nyuma ya mlango."

Bi Stoo alikanyaga breki. Gari lilisimama katikati ya barabara, vumbi likawapita.

"Unasema nini, Dada?"

"Ulimsikia muuguzi. Kunigeuza usiku, kuninyanyua, kunipeleka chooni. Miezi mitatu, na nani ajuaye kama ni mitatu. Wewe mwenyewe mzee, huna mwili. Nimekulea, mdogo wangu. Sikukulea uje uvunjike mgongo kwa ajili yangu."

"Kwa hiyo ukaniacha nilale chini ya gari siku tano!" Bi Stoo alipiga usukani. Alikuwa na hasira ya kweli, hasira iliyomtoa machozi. "Nimekula kutu! Nimelia! Nimekwenda kwa Fundi Nyundo, mimi, kwa miguu yangu! Na kumbe adui yuko kitandani anaangalia ukuta!"

"Ndiyo. Niligeukia ukuta kwa sababu ningekutazama ningesema ukweli."

"Na jana, kaka aliponiambia nikuchukue?"

"Jana kaka alikuja jioni. Akakaa kitandani pangu, akavua kofia. Akasema umeinua zile springi peke yako. Nikamwambia anadanganya. Akasema ana kilo mbili za vumbi masikioni kama ushahidi." Dada alicheka kidogo. "Nikalala usiku kucha nafikiri. Nikasema, tuone kesho atakavyonishusha kwenye machela. Ukanishusha. Sikusikia hata kuuma."

Nje upepo ulipeperusha vumbi la mwisho. Bi Stoo aliegemeza kichwa kwenye kiti, akayafunga macho. Alitaka kumgombeza mpaka jua lizame, na wakati huohuo alitaka kupanda nyuma amlalie miguuni kama alivyokuwa akifanya ana miaka sita. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alijipangusa uso, safari hii bila grisi, akashika gia.

"Ukiwa na jambo, unaniuliza mimi," alisema. "Si kaka. Mimi."

"Nimesikia."

"Na kunyanyuliwa utanyanyuliwa, na chooni utapelekwa, na ukinuna nitakuacha hukohuko."

"Nimesikia, mdogo wangu."

"Haya, uliza basi."

Dada alishusha shuka kutoka kidevuni. Kisha ikasikika kutoka kwenye godoro sauti ndogo, sauti ambayo Bi Stoo hakuwahi kuisikia kwa dada yake aliyemlea, sauti ya mtu anayeomba.

"Utanipeleka nyumbani?"

Bi Stoo aliachia klachi, na gari likaanza kupanda.